Nusu Yangu ya Duara

Jumatatu, 23 Juni
Mawingu ya Meru tena. Wiki nzima darubini inapiga picha za pamba tu. Lomayani, mwanafunzi mwenzangu, kaleta maziwa mgando ya mama yake, kanipa chupa nzima. Nimeyanywa. Bado namchukia. Nafasi ya uzamivu ni moja, wanafunzi ni wawili, na Dakta, msimamizi wetu, anamwita "mwanangu". Mimi ananiita binti wa Kwa Mrombo, kama vile nimekuja kumuuzia nyanya.

Alhamisi, 26 Juni
Jana setilaiti ilituma taarifa: mlipuko wa miale ya gama upande wa kundi la nyota la Mshale, ndani ya galaksi yetu hii hii. Setilaiti haioni sawasawa. Inachora duara tu, kubwa, lenye nyota kama mchele uliomwagika. Kazi yetu ni kutafuta humo nyota ambayo zamani haikuwepo. Mbingu ya Terrat, ilipo darubini yetu, ikasafika, tukapata picha mbili zilizopishana saa moja. Dakta kasema waziwazi: atakayeipata, nafasi ni yake.

Tumegawana duara. Nusu ya juu ya Lomayani, ya chini yangu. Ukiona kitu, mwenzako ndiye anayekihakiki kwenye picha ya pili, wewe huruhusiwi. Sheria ya Dakta: mwenye hamu huona anachotaka. Nyota hukaa palepale. Jiwe la angani husogea, na mawe upande huo hupita kila siku.

Kabla ya chai ya saa nne Lomayani kaona nukta. Kaniita niihakiki. Nikafungua picha ya pili. Imesogea. Kidogo, lakini imesogea.

Nikamwambia, "Ipo palepale, kaka. Hongera."

Alitaka jina langu liwemo kwenye tangazo. Nimekataa. Kaniona mnyenyekevu, mjinga yule. Tangazo limeenda dunia nzima.

Ijumaa, 27 Juni
Majibu yamemiminika. Ni jiwe. Linajulikana miaka mingi, lina hadi namba yake. Dakta kamsimamisha mbele ya wote, kamwamuru asome barua pepe hizo kwa sauti, moja baada ya nyingine. Kisha kamwambia arudi kuchunga, ng'ombe hawahitaji kuhakikiwa. Watu wakacheka. Mimi pia.

Dakta akauliza nani alihakiki. Lomayani kajibu hakumpa mtu. Kanilinda! Anadhani nilikosea tu. Imenikera kuliko kama angenitukana.

Lakini nimefurahi. Hapa daftarini sina wa kumdanganya.

Jumapili, 29 Juni
Dakta kapiga simu. Nafasi ni yangu. Nilimwamkia shikamoo mara mbili kwa kiwewe. Mama kapika pilau, majirani wamekuja. Lomayani alishafunga vitu vyake jana. Aliniaga vizuri, kwa mkono.

Jumatatu, 30 Juni
Wenzetu wa ng'ambo wametangaza. Nyota mpya, ndani ya duara letu.

Nimefungua nusu ya chini. Ipo. Picha zote mbili, palepale, inang'aa kiasi kwamba hata mama angeiona. Sikuwahi kuitazama nusu yangu. Tangu Alhamisi nilikuwa nasubiri mtu aanguke, sikuwa na nafasi ya kingine. Ningeshinda bila kumgusa.

Dakta kauliza kama niliikagua. Nimesema ndiyo. Kaifungua picha mwenyewe, kaitazama nyota ile, kisha akanitazama mimi.

Najichukia. Na Lomayani bado namchukia, kwa sababu alistahili nafasi ile na najua.

Jumanne, 8 Julai
Dakta ameamua. Utafiti wangu utakuwa nyota hiyo hiyo. Miaka yote ya uzamivu, kila nitakapoandika nitaanza kwa majina ya wale wa ng'ambo walioiona. Alinieleza kwa upole. Alikuwa anakunywa chai.

Mchana, ujumbe wa Lomayani kutoka kwao. Habari zimemfikia. Kaandika: "Pole dada. Macho huchoka."

Nimemjibu asante.