Kuyapa Maji Mgongo

Ijumaa, 7 Machi 2014

Saa kumi na moja alfajiri. Mtaa wote wa Baghdadiyah hapa Jeddah umelala, mimi nimeshaosha gari. Nimepakia tende, maji na birika la kahawa. Wageni sita, walimu wa kike kutoka Riyadh. Madam, mwenye safari hizi, hachukui zaidi ya sita, anasema kundi kubwa halisikilizi. Huwatembeza kwenye kijiji cha mawe kilichohamwa zamani kule milimani, nyumba kwa nyumba, kisha huwateremsha kwenye bwawa la chemchemi waogelee. Magofu yale anayajua kama jiko lake. Kuendesha gari mwanamke haruhusiwi huku Saudia, ndiyo maana nina kazi.

Kafili wangu, mwenye kibali changu cha kazi, ni mume wa Madam; namwita baba. Sharti lake moja: wanawake wakiwa majini, mimi nakaa kando ya gari, nimeyapa maji mgongo. Nikigeuka, halas, kazi imekwisha, tiketi ya Nairobi. Silalamiki. Nakula, nalala, na binti yangu yuko shule Taveta. Nashukuru.

Viatu wanavivua karibu na gari. Navihesabu. Jozi zote zikivaliwa, nawasha injini.

Ijumaa, 14 Machi



Wauguzi sita leo. Madam aliita yalla, wakapanda kutoka bwawani kwa vicheko, wakavaa viatu. Akahesabu vichwa. Sita, akasema, twende. Alikuwa amejihesabu mwenyewe! Mimi naona jozi moja ya kandambili imebaki mchangani. Nikamwambia. Akaanza kuhesabu upya. Sikungoja.

Niligeuka. Nilikimbia.

Liza, muuguzi mdogo kuliko wote, alikuwa nyuma ya mwamba. Amebanwa na msuli wa mguu, mdomo unazama na kuibuka. Hata kuita hawezi. Niliruka na viatu vyangu. Kuogelea nilijua kabla ya kusoma, mto Lumi ulinifunza. Nikamvuta hadi ukingoni. Akakohoa, akalia. Yu hai. Asante Mungu. Asante, asante.

Njia nzima ya kurudi sikuthubutu kutazama kioo cha ndani. Nimegeuka, na nimemshika mwanamke wa watu.

Jumamosi, 15 Machi

Baba hajaniita. Nimefunga begi. Afadhali anikute tayari kuliko nianze kuokota soksi mbele yake.

Naogopa. Nikirudi sasa, mtoto anaacha shule. Nina hasira pia. Walitaka nisimame pale kama kigingi?

Chai imenishinda.

Jumapili, 16 Machi

Madam amemweleza baba yote, na kwamba kosa la kuhesabu lilikuwa lake. Hakujificha. Wangapi wangefanya hivyo kwa ajili ya dereva? Sitamsahau.

Baada ya alasiri baba alikuja chumbani kwangu, mara ya kwanza tangu niajiriwe. Akaliona begi. "Mafi safar," akasema. Sisafiri! Sharti liko palepale, ila mtu akizama nigeuke. Nikaitikia.

Hakuondoka. Aliketi kitandani, akauliza nani alinifundisha kuogelea.

Jumatano, 19 Machi

Asubuhi, ufukweni kaskazini mwa mji. Baba na mimi peke yetu, ameniomba nimfunze kuogelea. Mzaliwa wa Jeddah, ndevu zina mvi, na hajawahi kuingia baharini kupita magoti. Nilitembea naye polepole. Maji yalipofika kifuani alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Usiniache," akasema.

Sikumwacha.