Gitaa la Kumfuata Hooyo

Jumapili, 26 Januari 2025

Zamu yangu ya ayuuto imefika! Alhamdulillah, alhamdulillah. Wanawake wa mtaa tunachanga kila mwezi, mmoja anabeba, na mwezi huu nimebeba mimi. Wenzangu wakibeba hununua dhahabu au mbuzi. Mimi nanunua gitaa la umeme. Hata kuliandika tu kunanichekesha.

(Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho ninachofundisha, na kwa sababu Hooyo, mama yangu, hawezi kukisoma. Kaka yangu Aweys anaweza, ila kitu chochote kirefu kuliko meseji humletea usingizi. Kwa hiyo niko salama.)

Samsam anaolewa kabla ya Ramadhani. Ni binti wa Habaryar Saado, mdogo wake Hooyo. Siku ya saba baada ya harusi kutakuwa na shaash saar – wanawake watupu, bibi harusi anafungwa kitambaa cha wake za watu, na buraanbur, mashairi ya wanawake, inasomwa mpaka miguu iume kwa kucheza. Tangu nipate akili, buraanbur ya familia yetu anaisoma Hooyo. Anatunga mwenyewe, anasimama katikati, ngoma inalia, na watu wazima wanacheka na kutoa machozi kwa mstari mmoja. Kuna waliokuwa wakitoka Habaswein kuja kumsikiliza.

Mwaka jana alitolewa uvimbe shingoni. Yuko hai. Anakula, anatembea, ananigombeza. Kila asubuhi nikimsikia anagonganisha sufuria jikoni namshukuru Mungu kabla sijafungua macho. Lakini sauti ilirudi nusu. Imeshuka chini, ina mchanga ndani yake. Leo Habaryar Saado alimwomba asome siku ya Samsam. Hooyo akajibu kwamba hapeleki sauti ya mbuzi mgonjwa mbele za watu. Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka.

Ngoma na makofi vinamzidi, shida ni hiyo. Gitaa linaweza kumshikia wimbo kwa chini, asilazimike kupaza sauti. Nataka asimame tena pale katikati. Mengine yote nasingizia tu.

Jumatano, 29 Januari

Nimemwambia Sabrin. Amenikumbatia mpaka miwani ikaanguka! Yeye ndiye mkuu wa kikundi chetu cha sherehe za wanawake – anaimba na kupiga kinanda, wengine ngoma, na mimi huwapigia makofi na gitaa la mbao la kuazima lisilosikika hata na jirani yangu kwenye mkeka. Gitaa la umeme hadi sasa ni la mwanamume anayefichwa nyuma ya pazia. Maskini, haoni wanaocheza. Anakata wimbo watu ndio kwanza wamepamba moto.

Sabrin anataka gitaa la kuchezesha ngoma ya dhaanto, lenye sauti nyembamba inayokata. Pia la nyimbo za zamani za mapenzi. Pia la zile za Kiswahili wanazozitaka walimu wenzangu. Mimi nataka sauti nene, iliyotulia, inayokaribia kaban, ile udi ya wazee. Yote hayo kwenye gitaa moja, kwa mfuko wa mwalimu! Yapo ya bei ya gari. Hayo niliyatazama kwenye simu kwa heshima, nikayafunga.

Ushauri wake wa mwisho: "Abaayo, chukua nyekundu. Hawa watu wanasikiliza na macho."

Jumamosi, 8 Februari

Nairobi. Miguu si yangu.

Aweys alinizungusha madukani tangu asubuhi. Mungu ambariki, hajui gitaa na jembe tofauti yake ni nini, lakini aliacha shughuli zake zote Eastleigh. Duka la kwanza nilikuwa nauliza mimi, wanamjibu yeye! La pili vivyo hivyo. Aweys akawa anaitikia kwa kichwa kama anayeelewa. Nilimfinya.

La tatu ndipo tulipompata Halake. Mborana, amekulia Habaswein. Aliponisikia tu akaniuliza kwa Kisomali joto la huko kwetu limefika wapi. Akanipa stuli, akaniambia nisiwe na haraka. Kila gitaa aliliunganisha na spika ileile, ili nisije nikapenda spika nikidhani nimependa gitaa. Sikuwahi kufikiria hilo.

Yakabaki mawili. La kwanza jekundu – jekundu hasa, linang'aa – lina sumaku tatu nyembamba za kunasa sauti na kijiti cha chuma cha kutikisa nyuzi. Nilipiga dhaanto kidogo, mabega ya Aweys yakaanza kazi yenyewe. La pili rangi ya asali, limewahi kuwa la mtu mwingine, lina kovu mgongoni. Sumaku mbili nene. Ukivuta kitufe chake kimoja juu, nusu ya sumaku inalala na sauti inakuwa nyembamba. Ukikisukuma, unene unarudi. Magitaa mawili katika moja! Na kile chuma kinachoshika nyuzi kwa chini kimekaa palepale, hakitikisiki.

Halake hakulisema vibaya lile jekundu. "Sister, hii ni tamu, sikatai. Lakini huko nyumbani stima ikipotea si mnawasha jenereta? Sumaku nyembamba inasikia kila kitu. Itaimba pamoja na jenereta." Akaongeza kwamba lenye kijiti ukilegeza uzi mmoja nyingine zote zinahama, kwa hiyo mtu anayebadilisha sauti mara kwa mara atazeeka mapema.

Moyo wangu bado ulikuwa kwa jekundu, niseme ukweli. Halafu akaniuliza nampigia nani hasa. Nikasema mama yangu. Nikamweleza kidogo. Akachukua la asali, akaniwekea mapajani.

Nimelinunua. Bei ilitoshana na mfuko, na akanipa nyuzi za ziada na kispana kidogo bila kuombwa. Sabrin ameona picha. Anasema linafanana na mlango wa choo.

Jumapili, 9 Februari

Kwenye kizuizi kabla ya daraja la Tana tulishushwa kama kawaida. Vitambulisho. Askari akataka mfuko mrefu ufunguliwe. Akatazama gitaa, akanitazama mimi na jilbabu yangu, akaniuliza napiga kanisa gani! Basi zima likacheka, yeye mwenyewe pia.

Nyumbani Hooyo aligusa ubao kwa nyuma ya mkono, kama anayepima homa ya mtoto. Akauliza linakula umeme mwingi? Nikasema kidogo kuliko pasi. Akasema nisiliweke dirishani, jua litaliharibu. Kisha akaenda kulala.

Nimefurahi hata hivyo.

Jumanne, 11 Februari

Aibu! Lakini aibu ya kuchekesha.

Dukani nilijaribu gitaa nimekaa kwenye stuli, na jilbabu nzito ya pamba. Leo Sabrin ametaka tufanye mazoezi na nguo zenyewe za sherehe. Nikavaa dirac yangu ya hariri, nikajitanda garbasaar yenye marembo ya nyuzi pembeni, nikasimama. Mkanda ukateleza begani kama umepakwa samli. Gitaa likafika magotini. Nikalidaka. Wakati huo garbasaar imeshajisokota kwenye vifungo vya kukazia nyuzi, nikageuza shingo, na kitambaa kikazungusha kifungo. Uzi ukapanda, ukalia kama paka! Wapiga ngoma walilala chini kwa kicheko.

Nimesoma maoni ya watu mtandaoni mwezi mzima. Uzito, mbao, sumaku, nyuzi. Hakuna hata mmoja aliyetaja hariri.

Tumelirekebisha. Mkanda unashikwa na pini za hijabu, mbele na nyuma, na garbasaar inafungwa kiunoni. Baadaye stima ikapotea na jenereta ya jirani ikawashwa. Nikasubiri mngurumo kwenye spika. Kimya! Nilipovuta kitufe ulisikika kidogo, nikakisukuma ukaisha. Nimemwombea Halake dua palepale. Sabrin hajasema tena habari ya choo.

Ijumaa, 14 Februari

Samsam ameolewa jana. Mzuri mno. Nilipokea sahani mpaka mikono ikafa ganzi.

Halafu hili. Habaryar Saado amemwalika Fowsiya wa Mandera kusoma buraanbur siku ya saba. Ni hodari, sauti yake inavuka mto. Nikamuuliza Habaryar mbona hakumsubiri Hooyo. Akanishika shavu: "Naa Ramlo, mama yako ndiyo ametaja jina yake."

Hooyo mwenyewe!

Jumatatu, 17 Februari

Nimejijua mjinga leo.

Tangu nilete gitaa nimekuwa nikifanya mazoezi na rekodi za zamani za Hooyo kwenye simu. Harusi ya Aweys, harusi ya jirani. Naweka rekodi, nafuata kwa gitaa, narudia. Kila siku baada ya shule. Na kila siku Hooyo akipita anafunga mlango wa chumba changu. Taratibu. Nikasema moyoni hapendi gitaa, amesikiliza maneno ya watu. Nimemnunia wiki nzima. Mtu mzima, mwalimu!

Leo alasiri nimerudi mapema. Alikuwa anamimina canjeero, chapati zetu za maji, kwenye kikaango, na hakunisikia. Anaimba. Si kwa kifua kama zamani – chini, chini kabisa, karibu na kusema. Nikasimama uani na viatu mkononi.

Mimi nimejifunza kumfuata mwanamke wa kwenye simu. Na siku zote hizi, ndani ya nyumba yake mwenyewe, nimekuwa nikimpigia sauti aliyoipoteza. Kwa nguvu! Na spika! Basi mlango angeuacha wazi wa nini?

Nimelia. Kisha nikachukua kispana.

Nimelegeza nyuzi zote hadi pale alipokuwa anaimba. Mara ya kwanza zilitatarika kwenye shingo ya gitaa, nikainua kile chuma cha chini kidogo, zikatulia. Sauti nyembamba nimeizima kabisa. Sasa linaongea kama mzee aliyeshiba. Kwa lile jekundu ningekuwa bado nahangaika na uzi wa pili.

Nimepiga polepole mpaka maghrib, bila simu. Hooyo amepita mara kadhaa. Mlango haukufungwa.

Alhamisi, 20 Februari

Niko chumba cha pembeni cha ukumbi, kwenye gunia la mchele. Alasiri. Stima imepotea, jenereta imekwisha mafuta, mtu ametumwa. Wanawake wamekwenda kuswali, wengine wanajipepea na masahani ya karatasi. Samsam amekaa kwenye kiti chake cha dhahabu, anatoka jasho kwa heshima. Shaash bado hajafungwa. Fowsiya amefika tangu jana, mkarimu, amenisifia pini zangu.

Tumeshapiga nusu ya sherehe. Dhaanto imekwenda vizuri kuliko nilivyoota. Nilivuta kitufe, sauti ikakata, na wale mashangazi wa Wajir wasioinuka kwa lolote wakainuka! Kwa mara ya kwanza nimeona watu ninaowapigia. Nilitaka kulia kwa furaha, nikakosea mahali, hakuna aliyejua. Kisha nikalegeza nyuzi tena. Kwa nini, sijui. Fowsiya hahitaji gitaa la chini.

Stima ilipopotea nikaja huku nikawa napiga bila waya. Gitaa la umeme likikosa umeme ni mnong'ono tu. Hooyo akaingia kutafuta maji. Amejifunga shali shingoni katika joto hili, anaficha kovu. Akakaa kwenye gunia kando yangu. Akaweka kiganja kwenye ubao, pale panapotetemeka.

Akasema, "Hiki kitu kikinyimwa stima kina sauti kama yangu."

Nikaendelea kupiga. Akaanza kusoma. Si buraanbur za zamani – mpya! Inamhusu Samsam. Yeye ndiye aliyemwogesha siku aliyozaliwa, usiku wa mvua, maji yakipita chini ya mlango, na Habaryar Saado anauliza ana vidole vyote? Ina mchanga, sauti yake. Inakatika mwisho wa mstari, anapumua, anaendelea. Nilisikia kila neno. Nikamuuliza ameitunga lini. Akasema nyamaza, piga.

Ya Rabbi, asante. Hata kama ni hapa tu, kwenye gunia. Inanitosha.

Taa zimewaka! Jenereta inanguruma. Ngoma zimeanza, vigelegele. Sabrin yuko kwenye maikrofoni, anaita watu warudi, anasema sasa ni wakati wa buraanbur. Nimesikia anataja jina la Fowsiya.

Naandika haraka. Hooyo hajatoka. Amesimama katikati ya chumba, amefungua shali, ameiacha juu ya gunia. Ameokota waya sakafuni. Anaugeuza mkononi, anatazama gitaa mbele, anatazama nyuma. Ananiuliza huu waya unaingia wapi.