Waongo ni Watu wa Kale

Antsirabe, Jumanne

Dada Lalao,

Huku sote wazima. Bata ametotoa saba, na baridi imeua viazi vyote. Unauliza kitabu changu kimefika wapi. Hakijafika popote. Tangu mwaka jana nikishika kalamu mkono unakufa ganzi, maana kila ninachoandika shemeji yako Ratsimba anakisoma kabla wino haujakauka.

Jumamosi, tulipomaliza kula, mama mkwe akanichokoza: "Mwandishi mzima, hata hadithi ya mdomo imekushinda?"

Basi nikaanza kama bibi alivyotufundisha: "Si mimi mwongo, waongo ni watu wa kale." Nikawasimulia habari za mwanamke aliyefungiwa ghalani na mumewe, mwaka mzima, hata sokoni haendi. Maneno yalinitoka yenyewe, dada, wala sikuyatafuta.

Ratsimba alicheka mpaka machozi. "Mjinga huyo! Si angetoroka tu?"

"Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mumewe," nikamjibu.

"Watu wa kale bwana, walikuwa na mambo!" Akapapasa mfuko wake, akatoka kwenda kufunga lango.

Mama mkwe hakucheka. Asubuhi aliniletea ungo wa mchele nichambue, na chini ya mchele kulikuwa na karatasi. Nimeshajaza kurasa tisa. Hii ya kumi ni yako. Ataibeba yeye akienda sokoni.

Isome tena tangu mwanzo, dada. Utaona barua hii sikuianza kwa kuwasingizia watu wa kale.

Njoo.

Mdogo wako,
Voahangy