Masikio ya Punda wa Bi Tabu

Jumamosi, 9 Agosti 2025
Bi Tabu, jirani wa nyumba ya nyuma, amenipa kazi. Mimi! Miaka yote mtaa wetu hapa Kipawa unanicheka: baba mzima, akirudi kazini anakaa kibarazani kuunga miguu ya farasi wa kuchezea aliowaokota kwenye mitumba. Leo mtu kaja mwenyewe, mzigo kaufunga kwenye kanga. Mnyama wa mbao, mguu umevunjika, rangi imebabuka. Kasema, Baba Bupe, nitengenezee huyu punda wangu, Jumapili ijayo tuna hitima ya marehemu baba, nataka ndugu wamkute amesimama.

Punda. Sikumsahihisha. Hapa kila mtu huwaita farasi wangu punda, hata mke wangu Sekela akitaka kunichokoza. Nilishachoka kuelimisha watu.

Jumatatu, 11 Agosti
Mguu umeshika. Gundi, na kijiti kwa ndani. Lakini masikio — marefu vile! Fundi aliyemchonga hajawahi kuona farasi. Nilicheka peke yangu. Nimeyakata, nikapiga tupa, nikamalizia na msasa. Sasa mafupi, yamechongoka vizuri. Shingoni nimembandika rasta nyeusi zilizobaki saluni kwa Sekela. Mkia pia.

Jumanne, 12 Agosti
Rangi ya kahawia, mara ya pili. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama hii. Nimeweka picha mbili status: KABLA, BAADA. Watu wanasifia. Nina furaha ya kijinga.

Jumatano, 13 Agosti
Sijui nianzie wapi.

Bi Tabu alipita kuulizia hali ya mgonjwa wake. Tukakaa kibarazani. Akasimulia: baba yake alikuwa na punda kule Kunduchi, wa kubebea mawe ya kuchomea chokaa. Punda wa kweli, anayekula majani. Alipokufa, mzee akamchonga kwenye mbao ili asimsahau. Masikio ndiyo yaliyomtoa jasho, kasema Bi Tabu, maana yule punda akiitwa toka mbali, masikio ndiyo yalikuwa yanatangulia kugeuka.

Nikanywea pale pale. Akaomba amwone. Nikamwambia rangi mbichi. Rangi imekauka tangu jana! Nimemdanganya mama wa watu, tena baada ya kumpa shikamoo.

Alipoondoka nikakimbilia simu kufuta picha. Nimechelewa. Kwenye waliotazama yupo Raudha, binti yake.

Nilipomwambia Sekela hakucheka. Afadhali angecheka. Kasema tu, mtu kakwambia punda, wewe ukasikia farasi?

Ijumaa, 15 Agosti
Vipande vya masikio nilishavifagia, gari la taka limebeba. Nimejaribu kufinyanga mapya, unga wa mbao na gundi. La kulia limeanguka. La kushoto limekaa kama kidole gumba. Nimelitoa nalo. Rasta zimeng'oka na rangi, shingo ina mabaka.

Fundi aliyemchonga hajawahi kuona farasi — ndivyo nilivyoandika humu. Nimesoma nikatamani kuchana ukurasa. Mzee alimjua mnyama wake. Mimi ndiye ambaye farasi aliye hai sijawahi hata kumgusa, nawajua kwa picha za kwenye simu tu.

Naona aibu. Jioni nimezungukia njia ya msikitini nisipite mbele ya mlango wa Bi Tabu.

Jumamosi, 16 Agosti
Asubuhi Raudha kaleta sahani ya vitumbua. Kasema, mama anashukuru kwa kazi. Basi. Usoni hakunitazama. Vitumbua nimemwachia Sekela.

Nilipanga leo niende mwenyewe, nimweleze kabla ndugu hawajafika. Nikavaa shati. Nikavua. Nikavaa tena. Sasa nimekaa chumbani naandika badala ya kwenda. Mnyama yuko mapajani, hajulikani ni nini.

Hodi. Sauti ya Bi Tabu. Sekela anamkaribisha. Anasema hakai, wageni wa kesho wameshaanza kuingia. Hapa katikati ni pazia tu, namsikia vizuri.

"Mwambie Baba Bupe, nimekuja kumchukua farasi."

Kasema farasi.