Kichwa cha Mezani

Jumanne, 7 Februari 1984. Butiama
Maonyesho matatu leo. Poda hakuna madukani, nikapakwa unga wa muhogo, nikapiga chafya katikati ya kazi. Watu mbio! Nilicheka mpaka bosi, Mzee Magesa, akanigombeza. Kichwa hakichekagi, anasema. Miguu ganzi. Kutwa nimechuchumaa chini ya meza, vioo vinaficha mwili, shingo imetokeza kwenye sahani. Watu wanaona kichwa kitupu kinachoagua; wanauliza, najibu. Amri ya Mzee ni moja: usimpe mtu jibu baya.

Mama mmoja kamuulizia mwanawe, Wambura. Alienda vita ya Uganda, wenzake wakarudi, yeye kimya, mwaka wa tano huu. Nikasema yuko njiani, atashuka Bunda Jumamosi. Siku niliitaja ya nini? Mdomo tu.

Alhamisi, 9 Februari. Bunda
Tumepiga hema Manyamanyama. Wote walipiga makofi juzi, isipokuwa yule mama. Alikuwa anarudia tu, Jumamosi, Jumamosi.

Jumamosi, 11 Februari
Yule mama yuko stendi tangu asubuhi. Shati jeupe la mwanawe mapajani, limepigwa pasi. Kila basi anasimama. Saa tisa nikamfuata. Shikamoo mama, kile kichwa ni mimi, nilikudanganya.

Kanitazama juu mpaka chini. "We binti una miguu," akasema. "Nitokee hapa."

Nikaapa. Nikamwonyesha shingo, alama ya ukingo wa sahani. Hataki kuamini.

Jumapili, 12 Februari
Bado yupo stendi. Nikifumba macho, hata mchana huu, naona lile shati limesimama lenyewe mlangoni. Naogopa.

Jumanne, 14 Februari. Musoma
Mama katufuata mpaka Kamunyonge. Wa kwanza kwenye foleni. Akainama mpaka nikasikia pumzi yake. "Mbona hakushuka?"

Mimi mwenye miguu hanisikii. Kichwa anakisikia. Nikasema, "Amekufa, mama. Usimngoje tena."

Mama akasema, "Ahsante. Miaka yote hii hakuna aliyeniambia kwa mdomo wake." Akatoka taratibu.

Jumatatu, 27 Februari. Buhare
Mvua. Hakuna onyesho. Mzee Magesa hanisemeshi tangu nivunje amri yake.

Dereva wetu katoka Butiama. Anasema wameanua matanga ya Wambura. Walichimba kaburi, wakazika mgomba badala ya mwili. Mama anakula sasa, analala, anaongea na watu.

Nimefurahi kwa ajili yake. Ila huyo Wambura sijui kama amekufa. Hakuna anayejua. Nilisema tu.