Nimehamisha Kiti

Jumapili, Cheyo. Joto la kusubiri mvua. Mawingu yamekuja mchana, yamezurura juu ya mji, yameondoka zao. Nina furaha ambayo naona aibu kidogo kuiandika. Naiandika hivyo hivyo.

Leo tumewafunga Wakatoliki.

Asiyejua mchezo wetu nimweleze. Sisi walimu wa kwaya, pamoja na waimbaji wachache tunaopenda muziki wa klasiki, hukutana sebuleni kwa Perpetua, nesi anayeimba soprano kwenye kwaya ya Kikatoliki. Mtu anacheza kipande kifupi kutoka kwenye simu yake, kinatoka kwenye spika, na kabla hujakizoea kimekatwa. Unataja mtunzi. Vile vya harusini ambavyo kila mtu anavijua haviruhusiwi. Lazima kiwe kitu kilichojificha.

Safari hii kulikuwa na zaidi ya mchezo. Upande utakaoshinda ndio utakaoongoza tamasha letu la pamoja la Krismasi. Yaani ama mwalimu wao Ndayishimiye, anayekuja na pikipiki kutoka Ulyankulu, ama mimi kwa upande wa Moravian.

Nami nilikuwa na siri.

Masika iliyopita niliugua. Homa iliponiacha, iliondoka na sikio langu la kushoto. Daktari alisema halitarudi. Nilimwambia mume wangu Elia peke yake. Kwenye kwaya nilinyamaza, kwa sababu nilijua nitakachoambiwa. Lakini teno husimama kushoto kwangu, na mazoezini waliteleza zaidi ya mara moja bila mimi kusikia. Mwenyekiti wetu, Mzee Mhoja, alisikia. Juzi akaniita pembeni.

"Mwalimu, pumzika kidogo," aliniambia. "Mchezo wa Jumapili mwachie Yona."

Yona ni msaidizi wangu na anaujua muziki. Hata hivyo nilimjibu, "Hapana, mzee. Nitakwenda mwenyewe."

Aliniambia kwa upole. Angenifokea ningeumia kidogo tu.

Leo nilichelewa kutoka kanisani, nikakuta kiti kimoja kimebaki, na spika iko upande wangu wa kushoto. Kuomba kubadilishana ningelazimika kueleza. Nikakaa.

Kipande cha kwanza nilikipata kwa sababu chumba kilikuwa kimya: filimbi na kinubi, Mfaransa ambaye hata Wafaransa wenyewe sidhani kama wanamkumbuka. Cha pili kilipoanza, Perpetua alikuwa anagawa soda, glasi zinagongana, watu wanaongea upande wa sikio langu zima. Nilichopata ni mvumo tu.

Nikitafuta mtunzi nikaanza na ala, nikasema, "Hiyo ni tarumbeta."

Ilikuwa klarineti. Kosa hilo halifanywi hata na anayeanza. Watu walicheka, wa kwetu pia. Mzee Mhoja hakunitazama mimi. Alimtazama Yona.

Hapo nikasimama. Nilibeba kiti changu, nikapita katikati ya sebule na kukiweka upande wa pili, sikio la kulia likiielekea spika.

"Vipi dada, jua linakuchoma?" Ndayishimiye akanitania.

"Hapana. Sikio langu la kushoto limekufa tangu masika. Hili la kulia ni zima, na linakutosha wewe."

Perpetua alishika mdomo. Ndayishimiye akaanza kusema pole, nikamwambia pole ataitoa mwisho wa mchezo.

Sijui ule ujasiri nilikuwa nimeuweka wapi miezi yote hii.

Tulifika kipande cha mwisho tukiwa sawa. Ndayishimiye alikuwa amekiandaa yeye, na nilimwona anavyojizuia kutabasamu. Fidla mbili, viola na selo. Alikuwa ametukatia katikati ya wimbo, mahali pasipo na sauti ya kushikilia. Wenzangu walitikisa vichwa. Sheria inaruhusu kurudiwa mara moja, nikaomba kirudiwe.

Kipande chenyewe sikuwahi kukisikia maishani. Lakini kuna mwanamke mmoja wa Ulaya ya kaskazini, nimepiga kazi zake za kinanda hadi vidole vinazijua. Ana tabia yake. Sauti za juu zinakatika pale unapotegemea ziendelee, halafu sauti ya katikati inaendelea peke yake kana kwamba haikupewa taarifa. Niliisikia viola, ambayo ndiyo sauti ya katikati, ikifanya hivyo.

Nikataja jina lake.

Ndayishimiye alijishika kichwa kwa mikono miwili. "Nani kakwambia?"

"Yeye mwenyewe," nikasema.

Akacheka, akanipa mkono, kisha akanipa pole yangu. Niliipokea.

Nje, watu wanaagana, Mzee Mhoja alinifuata. Alihakikisha kwanza amekuja upande wa kulia.

"Ungeniambia, mwalimu."

"Ungenipumzisha, mzee."

"Kweli," akasema. "Ningekupumzisha." Kisha akauliza, kama mtu anayepanga viti, "Sasa hao teno tuwaweke wapi?"

"Kulia."

"Basi Jumanne wahamie kulia."

Nilimheshimu kwa kusema kweli.

Nimefika nyumbani nikitembea kama mwenye mji. Lakini humu siandiki uongo: bado kuna jambo moja ninaloliogopa. Je, na hili la kulia likienda? Tangu masika Elia ananibembeleza nikalipime, nami kila wiki napata udhuru. Nilikuwa naogopa jibu, kwa sababu nilidhani jibu hilo ndilo litakaloamua kama mimi ni mwalimu au si mwalimu.

Jumatano asubuhi nakwenda hospitali. Elia nimeshamwambia, ameomba ruhusa kazini anisindikize. Wakisema ni zima, vizuri. Wakisema lina shida, nitajua nianze kuwafundisha wanakwaya nini kwanza, kabla halijaenda.