Karata Mbili Ndani ya Bahasha

Lampasas, Texas
9 Machi

Kwa dada yangu mpendwa Maribeth,

Pokea salamu zetu sote. Natumaini baridi ya Lubbock imepungua na masomo yako ya uuguzi hayakunyimi usingizi. Mimi mwilini sijambo. Mama naye hajambo, ila bado anaitoa sahani ya Babu, kisha anairudisha kabatini akidhani hatumwoni.

Babu hakuacha neno lolote kuhusu pikapu yake. Mama akasema itachezewa karata za poka, kama kila kitu ambacho watu wawili wa nyumba hii wamewahi kukitaka. Basi Jumapili iliyopita, tulipotoka kanisani na kula, tulikaa mezani Mama, Mjomba Delbert na mimi, kila mtu na maharage yake makavu mia moja. Atakayeyashinda maharage yote ya wenzake angechukua ufunguo. Mjomba alizihesabu karata kwa sauti kabla ya kugawa, moja hadi hamsini na mbili, vilevile alivyokuwa akifanya Babu.

Unajua kwa nini niliitaka. Ni ndani ya gari lile Babu alinifundisha kusoma, tukisubiri mnada wa ng'ombe. Lakini Mjomba ndiye aliyelala chini yake kila Jumamosi kwa miaka kumi na mmoja, akimshikia Babu taa wakilitengeneza.

Mama alifilisika mapema, akatuambia tumalizane wenyewe, yeye ana vyombo vya kuosha. Mimi nilikuwa na kitabu mkononi kama kawaida. Mjomba akanitania, "Haya profesa, humo wameandika nimeshika nini?" Nikacheka tu, nikafunua ukurasa mwingine.

Kisha nikapewa saba ya shupaza na mbili ya uru. Karata tano za wote zilipofunuliwa mezani, hata moja haikunifaa. Mjomba akaweka maharage mengi. Nikachukua ule utepe wa mnadani wa Babu, nikauweka kwenye ukurasa, nikakifunga kitabu taratibu, nikasukuma maharage yangu yote katikati.

Mjomba hakunitazama usoni. Alikitazama kitabu. Mama alipofunga bomba la maji, Mjomba akafunua karata zake: malkia wawili, na wa tatu alikuwa pale mezani. Akazibwaga. "Kwa mtu mwingine yeyote ningelipa nizione karata zake," alisema. "Lakini bwana mdogo huyu hajui kudanganya. Akifunga kitabu, ujue anazo nzuri." Kwa kuwa alikuwa ameacha mchezo, hakuwa na haki ya kuziona zangu, wala hakuuliza. Alibaki na maharage machache, nayo yakaisha upesi.

Jumatano alikuja na chujio la mafuta, akasema alilinunua tangu Februari, halimfai tena. Akaniagiza nisiikanyagie pikapu mafuta asubuhi, niibembeleze.

Dada, wakati wa Krismasi uliniambia kwamba nikipata karata nzuri huwa nafunga kitabu, na kwamba wote wanajua tangu zamani, ila hawasemi wasinitie aibu. Uliniambia ili niache. Sikuacha. Tangu tulipomzika Babu, kila Jumapili nilikifunga kitabu pale tu nilipokuwa na karata nzuri kweli, ili wazidi kuniamini. Nilijua siku ya pikapu inakuja. Wao walinisitiri, nami nikautumia wema huo kumnyang'anya Mjomba.

Sijaliwasha gari. Nimekwenda kwa Mjomba mara tatu nimwambie, na mara zote nimeishia kumuuliza habari za mbwa wake. Siku ile, tulipokusanya karata, nilizitoa kwa siri zile mbili zangu, saba na mbili, na sasa nakutumia humu bahashani. Nikibaki nazo nitazirudisha kimyakimya, najijua. Jumapili ijayo Mjomba atahesabu kwa sauti, atafika hamsini, kisha atatutazama. Hapo itanibidi niseme zilipo, na kwa nini. Ufunguo utakuwa mfukoni mwangu, tayari kumpa.

Tafadhali usizirudishe kabla ya hapo, hata nikikupigia simu kukuomba.

Wasalimie wenzako wa bwenini. Mama anasema uvae soksi nzito.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,
Emmett